Mwenye Gari Nani

Jumatatu ambayo darasa la saba walikuwa wanaanza mtihani wa majaribio, gari la Hosiana lilikataa kuchaji. Lilikuwa limechomekwa kwenye soketi ya sebuleni tangu jioni ya jana yake, waya umepitishwa dirishani kama kawaida, na alipoingia asubuhi na kubonyeza kitufe cha kuwasha, akakuta umeme ni uleule lililolala nao. Kilomita kumi na moja. Skrini ya katikati, ambayo miaka yote ilionyesha maandishi ya Kijapani yasiyosomwa na mtu yeyote pale mtaani Kambarage, sasa ilikuwa nyeupe tupu, na saa ya pembeni ilisoma tarehe ya mwaka ambao binti yake Nelly alikuwa hajazaliwa.

"Baba Nelly, halijaingiza kitu!" aliita.

Mumewe Boaz alitoka polepole kwa magongo yake mawili, akainama dirishani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjwavunjwa na udongo wa duara moja, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Bugarama, na miaka miwili ilikuwa imepita bila mguu huo kukubali kubeba uzito. Aliitazama skrini, akaigonga kwa kidole.

"Hiki kikompyuta kimekufa," alisema.

Simu ya Hosiana ililia. Alikuwa Mwalimu Mariana. "Mama Nelly, mwangaluka. Sisi tupo kituoni, wote wanne. Mtihani saa mbili."

Walimu hao wanne ndio waliokuwa riziki ya nyumba ile. Hosiana aliwapeleka asubuhi kwenye shule moja iliyo njia ya Kishapu, akarudi nyumbani kuchaji, na alasiri akawafuata. Gari lile dogo la umeme halikunywa mafuta, ndiyo maana aliweza kuwatoza nauli ambayo mwenye Noah ya petroli asingeikubali. Siku hiyo walimu walipanda fuso la mchanga, Mwalimu Donatus na miaka yake hamsini na sita akiwa juu kabisa ameshikilia kofia. Walifika saa mbili na robo. Jioni Donatus alimwambia Hosiana kwa simu jinsi mwalimu mkuu alivyowapokea. Alitazama saa yake tu.

*

Fundi Masudi alikuwa na kibanda cha simu na redio za magari kando ya duka la dawa. Alikuja nyumbani na begi lake, akakaa kwenye kiti cha dereva kwa muda, halafu akamgeukia Boaz aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni.

"Mzee, gari lako halina ugonjwa mkubwa," alisema. "Hii kompyuta ya kwenye skrini ndiyo inayoliambia gari lichaji saa ngapi. Aliyekuwa nalo mwanzo aliipangia masaa. Sasa imepoteza saa yake, inasubiri saa ambayo haitafika. Tuitoe, tuweke mpya. Ina ramani, ina Kiswahili, ina kamera ya nyuma. Programu zake za kisasa. Na gari litachaji muda wowote unaochomeka."

"Ni bei gani?" aliuliza Hosiana.

"Laki sita na nusu, mzee, pamoja na kazi," Masudi alimjibu Boaz.

Hosiana aliingia ndani, akatoka na fedha za kikundi alizokuwa amepokea mwezi ule, akamkabidhi fundi mkononi. Masudi alizihesabu, akamshukuru Boaz.

Kazi ilichukua siku nzima. Mchana dashibodi ilikuwa wazi, waya zimetoka nje kama matumbo ya mbuzi aliyechinjwa, na Hosiana alishindwa kutazama. Saa kumi Masudi alibonyeza kitufe na skrini kubwa, yenye kung'aa, ikawaka. Ikaandika: *Karibu. Weka jina la mmiliki.*

"Mwenye gari nani?" Masudi aliuliza, macho yake kwa Boaz.

Gari lilinunuliwa kwa mhandisi mmoja wa mgodini aliyekuwa anahama. Nusu ya fedha ilikuwa ya fidia ambayo wenzake Boaz wa duarani walimchangia. Nusu ilikuwa ya Hosiana, ya miaka saba ya kuwapikia wachimbaji ugali. Kadi iliandikwa jina la Hosiana kwa sababu siku ile Boaz alikuwa Mwanza, amelala hospitalini, mguu umening'inizwa. Jambo hilo halikuwahi kuwagombanisha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Andika Hosiana," alisema Hosiana.

"Na namba ya simu? Iwe simu janja, mama, yenye intaneti."

Hosiana alitoa simu yake. Ilikuwa ya vitufe. Masudi alicheka kwa upole, akaitazama simu ya Boaz iliyokuwa juu ya paja lake, ile aliyochezea drafti na ambayo Nelly alisomea jioni.

"Basi tuweke ya mzee. Si nyumba ni moja? Siku mama akinunua simu tutabadilisha." Akaichukua, akabonyezabonyeza, akamwonyesha Boaz. "Mzee, ona. Hiki kigari cha bluu ndicho gari lako. Likienda, kinaenda. Likisimama, inakuandikia limesimama wapi na dakika ngapi. Na hapa ndipo pazuri zaidi: likiibiwa, bonyeza hapa. Likishazimwa haliwaki tena mpaka wewe uliruhusu."

Jina la mmiliki liliandikwa Boaz, kwa sababu ndilo lililokuja na namba. Hosiana aliliona. Alikuwa amechoka, na kesho yake walimu walikuwa wanasubiri.

*

Wiki mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Gari lilianza kusema Kiswahili. Sauti ya mwanamke asiye na kabila ilimwambia Hosiana aende moja kwa moja, kwenye barabara ambayo haikuwa na mahali pengine pa kwenda, na walimu walicheka wakiishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu." Gari lilichaji kila lilipochomekwa. Mwalimu Donatus aligundua kwamba redio ilishika taarifa ya habari bila mikwaruzo, akadai kiti cha mbele kiwe chake.

Lakini aliyefaidi zaidi alikuwa Boaz. Kwa miaka miwili dunia yake ilikuwa mlango, bomba la maji na ukuta wa jirani. Sasa kila asubuhi aliketi na simu, akakifuata kigari cha bluu kikipita Ibinzamata, kikitoka mjini, kikifika Kolandoto na kukunja kulia. Kila kona aliijua kwa mwili wake. Alikuwa ameiendesha barabara hiyo kwa pikipiki enzi za miguu miwili.

"Leo Kolandoto ulisimama kupisha ng'ombe," alimwambia mkewe mchana mmoja.

"Umejuaje?"

"Dakika sita. Ni ng'ombe tu anayemsimamisha mtu dakika sita."

Hosiana alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Boaz naye alicheka. Nelly, aliyekuwa anafua uani, aliinua kichwa kusikiliza, maana sauti hizo mbili hazikuwa zimesikika pamoja kwa muda mrefu.

Baada ya hapo maswali yaliongezeka. Mbona leo umepita polepole darajani? Mbona umetoka dakika kumi baadaye? Hosiana alijibu yote. Halafu jioni ya Alhamisi, Hosiana akiwa anammwagia maji ya kunawa, Boaz aliuliza bila kumtazama:

"Na pale kwenye ghala la pamba?"

Maji yalimwagika pembeni ya beseni.

"Ghala gani?"

"Kabla ya kufika shuleni. Dakika ishirini."

"Tairi," alisema Hosiana. "Nilikuwa nakagua tairi."

"Siku nne mfululizo?"

Hosiana alichukua beseni, akaenda kumwaga maji nje.

*

Ghala lile lilikuwa la zamani, la chama cha ushirika, limefungwa kwa kufuli lenye kutu. Kila alasiri Hosiana alifika hapo mapema, akaegesha upande wa kivuli, akazima gari. Halikuwa gari la kunguruma, kwa hiyo kulizima hakukubadilisha kitu masikioni. Ila sauti ya mwanamke wa kwenye skrini ilinyamaza. Akavua viatu. Akasukuma kiti nyuma. Akakaa.

Hakulala, hakusali, hakupiga simu. Tangu saa kumi alfajiri watu walikuwa wanamwita. Mama Nelly, maji. Mama Nelly, gongo langu liko wapi. Mama Nelly, tuko kituoni. Mama, hela ya daftari. Pale ghalani hakuna aliyemwita. Njiwa walitembea juu ya bati, upepo ukapeleka vumbi la mbuga upande huu na kulirudisha. Baada ya dakika ishirini alivaa viatu, akaenda kuwachukua walimu.

Hakuwa na jina la kitu hicho, na kukisema alikionea aibu. Mama yake mzazi alikaa chini siku za kujifungua na siku za msiba tu. Mwanamke mwenye mume mgonjwa anayeegesha gari porini ili akae, huyo ni mwanamke gani? Kwa hiyo akasema tairi. Lilikuwa neno la kwanza lililomjia, na likishatoka halirudi.

Boaz naye alikuwa na yake. Duarani aliwajua wanaume watatu walioumia kama yeye. Wake zao walivumilia mwaka mmoja, mwaka na nusu. Jirani mmoja alikuwa amemwambia kwa utani kwamba mwanamke mwenye gari ana barabara nyingi. Siku alipoambiwa alicheka. Sasa, akikitazama kigari cha bluu kimesimama kimya katikati ya eneo lisilo na jina kwenye ramani, hakucheka. Alihesabu dakika. Ya kumi na tano. Ya kumi na saba. Aliona gari jingine limeegeshwa kando ya lile, ingawa ramani haikuonyesha gari jingine lolote.

*

Jumatano alimwita Enock, kijana wa bodaboda wa pale mtaani, baba wa watoto wawili.

"Nipeleke njia ya Kishapu. Nitakwambia pa kusimama."

"Baba Nelly, mguu utaweza?"

"Mguu ni wangu."

Enock alimfungia magongo ubavuni mwa pikipiki kwa mpira. Walipofika Kolandoto, Boaz alimsimamisha, akatoa simu. Kigari cha bluu kilikuwa kimesimama ghalani. Dakika nne. Kidole chake kilikaa juu ya kile kitufe chekundu, kikasita, kisha kikabonyeza. Aliwaza kwamba kwa njia hiyo hakuna atakayetoroka.

Kutoka hapo barabara ilikuwa ya vumbi, na kila shimo alilisikia mpaka kwenye meno. Walipolifikia ghala, gari lilikuwa peke yake. Vioo vilikuwa chini. Hosiana alikuwa ameegemea kiti, miguu mitupu, macho yamefumbwa. Aliyafumbua aliposikia pikipiki.

Boaz alishuka. Alisogea kwa magongo mpaka dirisha la nyuma, akachungulia kiti cha nyuma. Palikuwa na kitenge na dumu la maji. Akaanza kulizunguka ghala. Upande wa nyuma palikuwa na miiba, na Enock na Hosiana walisikia magongo yakivunja vijiti, yakisimama, yakiendelea. Enock aligeuza uso akatazama barabara, kana kwamba kuna kitu huko.

Boaz alitokea upande wa pili, suruali imeshika miiba mpaka gotini.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Unafanya nini hapa, Mama Nelly?"

"Nimekaa."

"Umekaa unafanya nini?"

"Nimekaa, Baba Nelly. Basi. Hapa ndipo ninapokaa."

Alimtazama usoni, akitafuta kitu. Akaitazama miguu yake mitupu, viatu vilivyopangwa vizuri chini ya kiti. Hakujua afanye nini na mikono yake, lakini ilikuwa imeshika magongo, haikuweza kufanya lolote.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Hosiana alivaa viatu, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Skrini iling'aa, ikaandika kwa Kiswahili kizuri: *Gari limezuiwa na mmiliki.*

Aliisoma mara mbili.

"Umefanya nini?"

"Nitaliachia. Subiri." Boaz alitoa simu. Hapakuwa na mtandao. Aliinyanyua juu, akasogea hatua tatu, akainyanyua tena. Mstari mmoja wa mtandao ukaonekana, na meseji ikaingia ikimjulisha kuwa kifurushi chake cha intaneti kimekwisha. Kilikuwa kimekwisha kwa kutazama. Alijaribu kununua kingine. Kila mara mtandao ulikatika katikati. Enock alijaribu kwa simu yake, nayo ikashindwa.

Walikuwa bado wanahangaika hivyo, mwanamume mmoja kwa magongo ameinua simu juu kama anayemwonyesha mtu wa mbinguni, walimu wanne walipotokea barabarani kwa miguu. Walikuwa wamesubiri nusu saa nzima shuleni kabla ya kuanza kutembea. Viatu vyao vilikuwa vimebadilika rangi. Mwalimu Mariana alikuwa amejifunika kanga kifuani, na hata hivyo maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi. Mtoto wake alikuwa na miezi minne, ameachwa mjini kwa bibi yake.

"Mama Nelly, limeharibika tena?" aliuliza Mwalimu Donatus.

Hosiana alimtazama mumewe, akangoja. Lilikuwa jambo gumu zaidi alilomfanyia siku hiyo, na alilifanya kwa makusudi.

"Halijaharibika, mwalimu," alisema Boaz hatimaye. "Nimelizuia mimi. Kwa simu. Sasa sina kifurushi cha kuliachia."

Mwalimu Donatus alitoa simu yake, ambayo mtandao wake ulishika pale. "Lete, nikurushie intaneti yangu." Boaz hakujua inavyounganishwa, ikabidi amkabidhi simu yote. Mwalimu aliifungua, na mbele ya macho yake ikawa ile ramani, na kwenye ramani mlolongo wa vidoti vya siku kumi na nne, na kando ya kila kidoti saa na dakika. Aliviangalia mara moja tu, akahamisha macho. Akabonyeza. Hosiana alipobonyeza kitufe gari likawaka kimya, na sauti ya mwanamke ikasema wakunje kushoto kurudi barabarani.

"Mwanangu hajanyonya tangu asubuhi," alisema Mwalimu Mariana, hakumwambia mtu yeyote hasa, akaingia.

Walimu walikuwa wanne na dereva mmoja. Nafasi ya sita haikuwepo. Boaz alirudi na Enock, na kwa sababu pikipiki ilikuwa nyuma, vumbi la gari lake lote alilimeza yeye mpaka Kolandoto.

*

Jioni ile Hosiana alisonga ugali, akapika mlenda, akamtengea mumewe. Nelly alichukua sahani yake akaenda kula chumbani.

"Ningejuaje?" aliuliza Boaz.

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ukasema tairi."

"Kweli," alisema Hosiana. "Hapo nilikosea. Niliona aibu. Lakini mimi nilidanganya kwa mdomo. Wewe umewasimamisha watu porini."

"Gari ni letu wote."

"Sijawahi kukataa. Nusu yako hakuna aliyeigusa. Ila mikono iliyo kwenye usukani ni yangu, Baba Nelly. Nikiwa njiani na watu, siwezi kuwa na mkono mwingine nisiouona."

Boaz alikata tonge, akalikanda, akalirudisha kwenye sahani.

Ijumaa jioni Mwalimu Mariana alikuja mwenyewe, mtoto mgongoni. Hakukubali kukaa. "Mama Nelly, sina chuki na wewe," alisema. "Lakini mimi ninanyonyesha. Siwezi kupanda gari ambalo mtu aliyekaa nyumbani anaweza kulizima. Kuanzia Jumatatu nitapanda Noah." Alisita. "Na yule mwalimu mgeni tunayepanda naye anakuja nami."

Boaz alikuwa mlangoni kwenye kiti chake na alisikia kila neno. Mwalimu alipopita alimwamkia, "Shikamoo, Baba Nelly," kama siku zote, naye akaitikia marahaba kwa sauti ambayo haikufika mbali.

*

Jumamosi asubuhi Hosiana alinunua kwa Masudi simu janja iliyotumika, kona yake moja ina ufa, akaweka laini yake humo. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya kibanda.

"Toa namba ya mume wangu kwenye gari. Weka hii."

Masudi alijikuna shingo. "Mzee anajua?"

Hosiana alifungua mkoba, akatoa kadi ya gari iliyotunzwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaiweka juu ya meza ya kioo. Masudi alilisoma jina, akalisoma tena.

"Samahani, mama," alisema. Na kuanzia hapo alizungumza naye. "Lakini huu mfumo hausomi kadi. Unataka namba sita, na hizo namba unazituma kwenye simu ya mmiliki aliyepo sasa. Zina dakika tano. Zikipita, zimekufa."

Alibonyeza. Hosiana alimpigia mumewe. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita. Kwenye skrini dakika zilihesabiwa kurudi nyuma, zikaisha, yakatokea maandishi mekundu.

Masudi alishusha sauti. "Iko njia nyingine. Naweza kufuta kila kitu, nianze upya kama ilivyotoka dukani. Hatahitajika. Akifungua simu yake atakuta hakuna kitu tu."

Hosiana alifikiri. Ilikuwa njia nyepesi na asingelazimika kusikia sauti ya mtu.

"Hapana. Tuma tena."

"Kwa nini, mama? Kazi ni ileile."

"Nataka azitoe yeye."

Masudi alituma tena. Safari hii simu iliita mara moja tu.

"Meseji imeingia mara mbili," alisema Boaz. Nyuma yake bomba la maji lilisikika likitiririka kwenye ndoo. "Imeandikwa nisimpe mtu yeyote hizi namba."

"Ndivyo zinavyoandikwa."

"Na wewe unazitaka."

"Nazitaka, Baba Nelly."

Alimsikia akivuta pumzi. "Nne," alisema Boaz. Hosiana alirudia, Masudi akaandika. "Moja. Moja tena. Tisa. Mbili."

Akanyamaza. Masudi alionyesha skrini kwa kidole: dakika mbili na sekunde kumi.

"Baba Nelly?"

"Nipo." Sauti yake ilikuwa chini. "Hosiana, nikiiachia hii, mimi nitabaki natazama nini hapa?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Nelly azaliwe. Hosiana alitoka nje ya kibanda, akasimama kando ya gari, jua kali usoni. Alitazama kupitia kioo ndani ya gari, viti vitupu.

"Jumatatu kuna viti viwili havina mtu," alisema. "Mwalimu Donatus atahamia nyuma, nitamwomba. Kaa mbele wewe, unyooshe mguu."

"Mpaka shuleni?"

"Kwenda na kurudi. Alasiri hivyohivyo."

"Watu watasema unazunguka na kilema wako."

"Watasema mengine kesho yake."

Maji yaliendelea kutiririka kwenye ndoo, na sasa yalikuwa yanafurika. Hakuna aliyeyafunga.

"Na ghalani?" aliuliza Boaz.

"Ghalani utashuka, ukakae kwenye kivuli cha upande wa pili. Dakika ishirini. Hutaniongelesha."

"Hata neno?"

"Hata neno."

Masudi alichungulia mlangoni, akanyoosha kidole kimoja: dakika moja. Hosiana aliibana simu sikioni. Hakumwambia mumewe kwamba muda unaisha.

"Saba," alisema Boaz.

"Saba," Hosiana alimwambia fundi, na Masudi akaandika saba.